Mikanda Miwili

Ulikatika katikati ya tuta la tatu.
Haukupiga kishindo. Ulitoa harufu kwanza,
raba inayoungua, kama kiatu cha mtoto
kilichosahauliwa juu ya jiko;
kisha injini ikanguruma peke yake
na meno yakasimama udongoni,
yameuma donge, hayatafuni.

Aprili inaisha. Ng'ambo ya ua, kwa akina Kološa,
viazi vimefukiwa tangu Jumanne.
Vyangu viko chini ya nyumba, ndani ya makreti,
vimeota vidole vyeupe gizani,
vinapapasa.

Anayeijua mashine hii ni kaka yangu Vendel.
Vendel yuko kitandani siku ya tisa:
mkanda wa jeshi umemzunguka ubavu wa kushoto,
malengelenge toka uti wa mgongo hadi kitovu,
hata shati halitaki.
Anatoa amri kupitia dirishani:
"Waya wa plagi kwanza, Ilonka!
Uchomoe kabla hujatia mkono!"
Nimeuchomoa, Vendel. Nina vidole kumi, navihitaji vyote.

Nati tatu za kifuniko, spana namba kumi na tatu.
Ya tatu imeshikwa na kutu tangu enzi za baba.
Nikaitia mafuta, nikanywa kahawa, nikaigonga,
nikaitukana kwa Kihungari, lugha ya bibi,
ambayo kwa matusi sijaona mpinzani wake.
Ikalegea.

Ndani: nyasi kavu, kiota cha panya,
na mkanda wenyewe, nyuzi zimemtoka
kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza.
Namba zake zimefutika.
Basi nikatwaa uzi wa katani,
nikauzungusha puli kubwa, puli ndogo,
nikaupiga fundo, nikapanda baiskeli hadi Sobota.
"Modeli gani, mama?" akauliza kijana wa dukani.
Nikamwekea uzi juu ya kaunta.
Akacheka, akaupima, akaacha kucheka.
Yuro kumi na moja na senti arobaini.

Miaka ishirini na sita nilishona makoti kiwandani,
mstari wa nne, cherehani ya kumi na mbili.
Mkanda sifundishwi.
Ukilegea, unateleza; ukikazwa mno, unakula beringi.
Meneja alituambia tufunge mikanda, tukafunga.
Mwezi wa tatu wakafunga mlango.

Kwa hiyo niliuvisha kwa majivuno,
nikarudisha kifuniko, nikavuta kamba,
na mashine, klachi nimeiachia kabisa,
ikaanza kutembea yenyewe,
taratibu, kama ng'ombe aliyekumbuka jambo,
ikapita juu ya vitunguu saumu vyote
kabla sijaizima.

"Kipini!" dirisha likapiga kelele.
"Umeupitisha nje ya kipini!"
"Ungesema!"
"Ungeuliza!"

Nikafungua tena. Safari hii nati hazikubisha.
Mkanda ndani ya kipini, springi kwenye ndoana yake.
Nikaubonyeza kwa kidole gumba: ukazama kidogo, ukarudi.
Meno yakatafuna.

Jioni niliingia chumbani kwake
mikono ingali myeusi hadi viwiko.
"Umekaa?"
"Wangu umekaa. Wako je?"
Akaanza kucheka, kicheko kikamgusa ubavu,
akashika ukingo wa kitanda, machozi yakamtoka,
akanitukana kwa lugha ya bibi.

Nikalisukuma dirisha liwe wazi zaidi.
Tuta la tatu limepinda pale mkanda ulipokatika;
nimelitazama, nimeliacha.
Viazi navyo vitapinda hapo hapo.